Sandwichi nzuri utaijua kwa mkate

Nimezunguka mji huu nikitafuta sandwichi ya maana, na sasa nina msimamo: angalia mkate kwanza. Sehemu nyingi wanajaza nyama mpaka inamwagika, kumbe mkate wenyewe wa juzi, ukiung'ata tu unasambaratika. (Picha zao mtandaoni sasa, mate yanakutoka!)

Niliyoipenda kuliko zote inauzwa kwenye kibanda chenye aina chache tu, na hawatengenezi mpaka uagize. Mkate unapashwa moto kidogo, kisha siagi inapakwa hadi kingoni. Mafuta yale ndiyo yanayozuia maji ya nyanya yasiuloweshe. Nendeni mapema, mchana foleni haishikiki. Kama kuna mwenye yake anayoona inaizidi hii, aniambie, nipo tayari kubishana.