Kwa miguu hadi Irente

Basi la Arusha lilitushusha Mombo mchana, joto la tambarare likiwa limekolea. Pale stendi unabadilisha gari. Kosta na Noah zinapanda Lushoto, kilomita kama 33 za kona tupu, bonde upande mmoja na mwamba upande wa pili. Nilikaa dirishani, nikayaona maporomoko ya Soni yakipita. Picha za garini huwa sizihesabu. Nilikuja kutembea.

Lushoto iko mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari. Wajerumani walipaita Wilhelmstal na walipapenda kwa ubaridi wake. Usiku huo nilijifunika mablanketi mawili, na ilikuwa Januari, mwezi ambao Dar es Salaam watu wanalala na feni.

Asubuhi nikashika njia ya Irente, jiwe lililo ukingoni mwa milima juu ya tambarare. Vijana wa bodaboda watakwambia ni mbali. Si mbali, ni mwendo wa saa moja na nusu hivi ukiwa huna haraka. Ukienda kwa pikipiki unafika kwenye jiwe, unapiga picha ya bonde, unarudi. Yote ya katikati yanakupita, na mimi naamini Irente yenyewe ni hayo ya katikati.

Njia inapanda polepole kuelekea Yoghoi. Mashamba yamekatwa ngazi kwa ngazi kwenye miteremko: kabichi, karoti, hoho, mahindi, na migomba kuzunguka nyumba. Mboga hizi ndizo zinazoshuka usiku kwa malori kwenda masoko ya Tanga na Dar. Chini ya njia mzee mmoja alikuwa akimwagilia. Alikata udongo wa ukingo wa mfereji kwa jembe, pigo moja, akauweka ule ule kuziba njia ya zamani, na maji yakageuka yakaingia kwenye tuta la pili. Nilimwomba ruhusa, nikachuchumaa matopeni, nikasubiri ageuze tena. Picha hiyo ina jembe, kisigino chake na ulimi wa maji unaong'aa ukiingia kwenye udongo mkavu. Ndiyo ninayoipenda kuliko zote za safari hii.

Mbele kidogo watoto walikuwa wameuzunguka ua wa nyumba, wamesimama mbali kidogo. Kinyonga. Alikuwa dume, mwenye pembe mbili zinazochomoza puani, wa aina ya milima hii ya Usambara. Jicho moja lilinitazama mimi, la pili likawa linawafuata watoto. Mguu aliunyanyua, akautikisa mbele na nyuma, akaushusha kwenye kijiti kile kile. Watu wengi wanamwogopa kinyonga, na watoto hawa hawakuthubutu kumgusa, lakini hakuna aliyeokota jiwe. Nilifurahi sana kwa hilo.

Kisha nikakutana na bibi mmoja, tenga la mapeasi kichwani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu. Watoka wapi?"

Tukaongea. Nilipomwomba picha alikubali, ila akasema nisubiri. Alitua tenga, akafunga kanga upya, akasimama wima, mkono kiunoni. "Sasa piga. Nisionekane nimeinama na mzigo." Nimeona picha nyingi mno za wanawake wa milimani zilizopigwa kwa nyuma, kuni mgongoni, sura haionekani. Anayepita na gari hampi mtu nafasi ya kutua tenga.

Irente nilifika jua likiwa bado mgongoni, na huo ndio wakati wake. Jiwe linakatika ghafla, na chini, karibu mita elfu moja, kuna Mazinde: mashamba ya mkonge yamepangwa kama nywele zilizosukwa, barabara kuu ya Arusha, reli, halafu nyika ya Wamasai hadi macho yachoke. Kivuli cha mlima kilikuwa kinajikunja kuelekea miguuni mwake. Ikifika saa sita utando wa joto unafuta kila kitu, na jioni jua linakuja machoni. Anayetaka kuiona tambarare vizuri aamke mapema. Nilipiga picha chache tu pale, nikakaa chini nikala mkate na jibini niliyonunua shamba la Irente, linaloendeshwa na kanisa la Kilutheri.

Niliporudi Dar niliisafisha picha ya bibi kwa ukubwa wa kutundika, nikaitia kwenye bahasha ngumu na kuituma kwa basi, mjukuu wake akaipokea stendi. Amenipigia wiki hii. Bibi anasalimia, na anasema nikija tena nije wakati wa mavuno ya maharage, maana anataka nyingine akiwa shambani kwake pamoja na dada yake.