Jino la Upande wa Pili

Barua ya kwanza ya chuo cha udaktari wa meno kunikataa ilikuwa na mistari minne. Wa kwanza ulianza na "Tunasikitika", kwa hiyo hiyo mitatu iliyobaki sikuwa na haja nayo, lakini niliisoma kila siku kwa karibu mwezi mzima nikitafuta sababu. Sababu haikuwamo. Nikajitungia yangu: alama za kemia. Nikarudia mtihani wa kemia, nikapata nafuu kidogo, nikajaza fomu upya mwaka uliofuata, na safari hii nikaitwa kwenye usaili.

Nyumbani walishangilia. Mimi hofu yangu ilianzia hapo. Alama zikishatoka zimetoka, mtu hakeshi akiogopa jambo lililokwisha kuandikwa. Lakini barua ya mwaliko ilisema, katikati ya maelezo ya saa ya kufika na vyeti vya kubeba, kwamba kila mwombaji atapewa kipande cha sabuni na kisu, achonge jino. Nami nina mikono inayotetemeka.

Si kutetemeka kwa kumwaga maji kikombeni. Nikiwa peke yangu natunga uzi kwenye sindano mara moja tu. Shida huja nikitazamwa. Niligundua darasani, siku tuliyopasua chura, mwalimu aliposimama nyuma yangu na wembe ukaanza kucheza vidoleni kama una uhai wake. Tangu siku hiyo nililificha jambo hili kama mtu anavyoficha deni. Na kazi niliyoichagua, katika kazi zote za duniani, ni ya kuingiza ncha ya chuma kinywani mwa mtu aliye macho, anayekutazama usoni. Wapasuaji wengine wana nafuu. Mgonjwa wao amelala.

Suala la sabuni lisichukuliwe kuwa mzaha. Kanada, kwa miaka mingi, mtihani wa kuingilia udaktari wa meno ulikuwa na sehemu ya kuchonga sabuni, na kwingine waombaji wamepewa chaki au nta. Linalotafutwa ni jicho linaloona umbo na mkono unaolitii jicho hilo.

Wakati huo nilikuwa najitolea jioni katika kliniki ya meno. Nilikuwa naosha vifaa, navipanga kwenye mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke, na mara chache nashika bomba la kufyonza mate. Daktari mwenyewe alikuwa mtu mzima aliyekaribia kustaafu, asiyependa maneno mengi. Jioni moja alinikalisha mbele ya mataya ya plasta, akanipa kioo cha kinywa na kile kifaa chembamba cha kuchunguzia meno, akasema, "Haya, gusa kila gego kwenye bonde lake." Akasimama pembeni kutazama. Ncha ikaanza kugonga plasta: ti-ti-ti-ti.

Nilingoja aseme neno. Badala yake akanyoosha mkono wake wa kulia hewani, vidole vimetanuka. Ulikuwa unatetemeka kuliko wangu. Kisha akakishika kile kifaa kama kalamu, akaegemeza kidole cha pete juu ya jino la jirani, na mkono ukatulia tuli.

"Mkono hauelei, mwanangu. Nani kakwambia tunafanya kazi hewani?"

Nilikuwa nimemwona akiegemeza kidole hicho mamia ya mara, nikidhani ni mazoea tu, kama mtu anavyokunja mguu akikaa. Kumbe ndiyo nanga. Mgonjwa akishtuka au akigeuza kichwa, mkono uliotia nanga kwenye jino huenda pamoja naye. Usipotia, taya linakwenda na ncha inabaki. Na ncha yenyewe si ya kuchezea. Mashine ya kasi ya kutobolea meno huzunguka zaidi ya mara 300,000 kwa dakika, na enameli, gamba la nje la jino na kitu kigumu kuliko vyote mwilini, hata pale inapokuwa nene kabisa ni kama milimita 2.5 tu. Chini yake ni dentini, na chini ya dentini ndiko kwenye mishipa na maumivu.

Jioni ile aliniazima jino la plastiki, kubwa kama ngumi, ambalo alikuwa akilitumia kuwaelezea wagonjwa. Gego la kwanza la juu. "Ukiliweza hili," akasema, "mengine ni watoto wake." Lilikuwa la upande wa kushoto. Mimi hilo sikulitilia maanani; wewe unayesoma, litilie.

Nikaanza kuchonga, kila usiku. Gego hilo lina ujanja. Ukilitazama kwa juu unadhani ni mraba, kumbe limesukumwa pembeni kama sanduku la karatasi lililokaliwa. Lina vilima vinne, viwili upande wa shavu na viwili upande wa kaakaa. Kilima cha mbele, upande wa kaakaa, ndicho kikubwa kuliko vyote, na mara nyingi hubeba kibonge kidogo ubavuni kilichopewa jina la Carabelli, daktari wa meno wa Vienna. Kutoka kilima hicho unapita mgongo wa mshazari hadi kilima cha nyuma cha upande wa shavu. Halafu mizizi mitatu, miwili shavuni na mmoja kaakaani, imetanuka kama miguu ya kigoda. Wiki ya kwanza meno yangu yalifanana na mawe ya mtoni. Wiki ya tatu mama aliokota moja bafuni akauliza, kwa sauti ya woga kweli, ni la nani.

Nyumba ikajaa meno. Mama si mtu wa kutupa sabuni, kwa hiyo yaliyoharibika aliyafulia. Siku moja alinitangazia kwamba mashuka ya leo yamekula magego sita, na kwamba kama shule hiyo itanikataa tena, basi angalau tumepata usafi.

Hapa kuna jambo la hesabu. Waganga wa meno katika nchi nyingi huliita kila jino kwa tarakimu mbili. Ya kwanza ni robo ya kinywa, kuanzia juu kulia kwa mgonjwa, kisha juu kushoto, chini kushoto, chini kulia. Ya pili ni nafasi ya jino ukihesabu kutoka katikati. Kwa hiyo 16 halisomwi kumi na sita, husomwa moja-sita. Pacha wake wa kushoto ni mbili-sita. Pacha hawa wanafanana kama viatu vya jozi moja, na ni kama viatu kweli: kila kimoja kina mguu wake.

Usiku wa kuamkia usaili sikuchonga. Nilisoma habari za Lucy Hobbs wa Marekani, aliyenyimwa nafasi katika chuo cha meno cha Ohio mwaka 1861 kwa sababu ni mwanamke, akafungua kliniki yake bila shahada, mpaka chuo kile kile kikampokea na kumtunuku shahada mwaka 1866. Nilitaka habari hiyo initie moyo. Haikunitia. Yeye wakati anakataliwa alikuwa anaijua kazi. Mimi sikuwa nimeziba kitu maishani zaidi ya masikio yangu, mama anapolalamikia sabuni.

Asubuhi tulikuwa kumi na wawili katika chumba kimoja. Karatasi ilisema: jino 16, taji na mizizi, dakika 50. Msimamizi alikuwa akizunguka taratibu kati ya meza. Nikasikia viatu vyake vikija, vikija, vikasimama nyuma yangu. Nikaegemeza kidole cha pete kwenye sabuni.

Mkono ulitulia.

Sijui niielezeje furaha ile. Kisu kilikuwa kinaijua njia. Mabonde yalikuja yenyewe, mgongo wa mshazari ukakaa, mizizi ikatanuka bila kukatika, na hata kibonge cha Carabelli nikakiweka, kwa madaha kidogo. Kijana wa meza ya jirani alikuwa amevunja mzizi na anajaribu kuugandisha kwa mate. Nilimwonea huruma ya mtu aliyeshiba. Zilibaki dakika kumi, nami nimemaliza.

Ndipo nikaamua kulikagua. Nikapeleka ulimi juu kulia, kwenye moja-sita yangu mwenyewe, nikalipapasa upande wa kaakaa: kilima kikubwa kiko mbele. Nikageuza sabuni mzizi mmoja ukae kaakaani. Kilima kikubwa kikawa nyuma. Nikaigeuza tena, nikidhani nimeshika vibaya. Nyuma. Nikahamisha ulimi kushoto, na jino langu la sabuni likakubali kila kitu, kilima, kibonge, mgongo, kila kitu. Wiki zote zile mikono ilikuwa imejifunza jino moja tu, na siku ya usaili ilifanya ilichojua. Nilikuwa nimechonga mbili-sita safi kabisa.

Sabuni nyingine hakuna. Nilishika kisu nikaanza kufikiria kukwangua kile kibonge na kusawazisha vilima kidogo, lionekane tu ni gego la juu la mtu fulani. Sitajisifia uadilifu. Nililiacha kwa sababu mgongo wa mshazari ungebaki pale pale ukinishtaki, na hapo ningekuwa na jino baya la upande usio wenyewe, badala ya jino zuri la upande usio wenyewe.

Alasiri niliingia mbele ya watu watatu. Waliniuliza kwa nini meno, nikajibu nilivyokariri. Waliniuliza nitafanyaje mgonjwa akitaka jino zima ling'olewe. Hapo nilijibu kwa akili kidogo, kwamba ningemuuliza kwanza ni nini kinamsumbua. Kisha mama mmoja aliyekaa mwisho wa meza, ambaye muda wote alikuwa kimya, akafungua kiganja. Jino langu lilikuwamo.

"Hili ni jino gani?"

"Mbili-sita."

"Tuliomba lipi?"

"Moja-sita."

"Ulijua saa ngapi?"

"Zilipobaki dakika kumi."

"Na hizo dakika kumi ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nafikiria kukwangua kibonge, mama."

Yule aliyekuwa akiandika akaacha kuandika. Mama yule hakucheka. Akaniuliza, kinywani mwa mtu, hizo dakika kumi zingenisaidia nini. Nikasema hazingenisaidia, jino lingekuwa limeshatoka. Akatikisa kichwa taratibu, akaligeuza jino kwenye mwanga, akasema limechongwa vizuri, kwa sauti ya mtu anayemwambia aliyeunguliwa na nyumba kwamba mlango wake ulikuwa mzuri. Mikono yangu hakuitaja. Hakuna aliyeitaja. Nilipoinuka kutoka akanikabidhi lile jino.

"Chukua. Letu lilikuwa la kulia."

Nilipomsimulia daktari wa kliniki alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akaliangalia lile jino la plastiki mezani, kicheko kikakatika. Hakusema kitu. Kesho yake nilikuta ameandika juu ya mzizi mnene, kwa wino mweusi na herufi kubwa: KUSHOTO.

Barua ilikuja baada ya wiki tano. Haikuwa na "Tunasikitika". Haikuwa na "Tunafurahi" pia. Nilikuwa nafasi ya tatu kwenye orodha ya akiba, maana yake watu watatu niombee wapate kwingine. Niliwaombea mema makubwa, watu hao nisiowajua, kuliko nilivyowahi kuwaombea ndugu zangu.

Simu ililia zikiwa zimebaki siku tisa masomo yaanze. Nilipoiweka chini wazo la kwanza lilikuwa kwenda kulitoa lile jino kwenye droo, nilikolifunga ndani ya leso, nisafiri nalo. Droo ilikuwa tupu. Mama alikuwa uani, povu hadi kwenye viwiko.

"Kile kipande cha kwenye leso?" akasema. "Mimi nilidhani umeshamalizana nacho."

Akapapasa ndani ya beseni akanitolea. Mizizi yote mitatu ilikuwa imekwenda, kibonge hakuna, vilima vimelala. Nilikigeuza, nikakigeuza tena, nikakipeleka hadi karibu na dirisha. Hakikuwa cha kulia wala cha kushoto.