Siku yangu na mtungi wa hewa ukaa

Saa 11:30 alfajiri nagombania mwendokasi Kimara. Saa 1:15 niko maabara, nimeshavaa koti, miwani na glavu, na bafu la maji linapanda taratibu kuelekea nyuzi 40, joto linalokaribiana na la mnara ambamo moshi wa kiwanda hukutanishwa na dawa ya kunasa hewa ukaa.

Nyumbani wanadhani nina mtambo mkubwa. Nina chupa ya kioo, kikorogeo, geji ya presha na dumu la MEA (monoethanolamini), dawa yenyewe ya kunasa hewa ukaa. Ni ya jamii ya kemikali ziitwazo amini, na ni kongwe kwenye kazi hii: mvumbuzi R. R. Bottoms alipata hataza (haki ya uvumbuzi) ya kusafisha gesi kwa amini tangu 1930. Naichanganya na maji iwe asilimia 30 kwa uzito. Ina harufu ya amonia na ikikugusa inaunguza.

Saa 3 mtungi wa gesi ulitakiwa uwe umefika. Napiga simu. "Nipo Ubungo hapa dada, dakika tano." Saa 4, bado Ubungo. Saa 5:40 kaka anashusha mtungi, naangalia: nitrojeni!

"Kaka, niliagiza hewa ukaa."

"Ile wamechukua watu wa soda. Kwani hii si gesi?"

Nitrojeni ninayo, ni ya kufukuzia hewa kwenye chupa tu. Akaangalia vioo vyangu, akacheka. "Halafu dada, moshi wote ule barabarani, nyie mnanunua wa nini?"

Njaa inauma, lakini swali ni la haki. Moshi wa makaa ya mawe una hewa ukaa kama asilimia 12 hadi 15. Wa mitambo ya kufua umeme kwa gesi, aina ya ile ya Kinyerezi, kama 4 tu. Kilichobaki ni nitrojeni, mvuke na mengineyo. Mimi nataka hewa ukaa tupu, maana lazima nijue nimeingiza kiasi gani ndipo nijue kimemezwa kiasi gani. Akaitikia "aah", kisha akadai nauli ya safari ya pili. Tulibishana hapo mpaka mlinzi akaja kusikiliza.

Mtungi wenyewe ulifika saa 8 na ushei. Fungua vali, presha inashuka mbio, chupa inapata joto kwa sababu mmenyuko wenyewe hutoa joto, kisha kila kitu kinazubaa. Geji inashuka kwa kujivuta, nami siondoki mpaka itulie kabisa, maana ukisoma mapema umeandika uongo. Miguu inawaka. Wenzangu wameshaaga.

Giza limeingia ndipo nachukua sampuli, natia asidi, gesi inafukuzwa na napima ujazo wake. Molekuli mbili za MEA hushika moja ya hewa ukaa, kwa hiyo kwa kila molekuli ya MEA nategemea kitu karibu na 0.5. Napata 0.49. Peke yangu maabara nzima, nikapiga makofi.

Nikamtumia bosi namba. Akajibu palepale: "Vizuri. Rudia mara mbili."