Jiwe la kijani la anko

Mwaka 2011 nilikuwa nimemaliza fomu siksi nasubiri chuo, nikawa nashinda na anko mjini Arusha, pale karibu na Mnara wa Saa mabroka wa vito wanapojazana. Kazi yangu kufuata chai na kukaa kimya. Siku hiyo akaja kijana katoka Mererani, kule kwenye machimbo ya tanzanaiti, na jiwe la kijani kwenye karatasi, anasema savoraiti hiyo bosi, kito cha kijani cha bei, usafi wake si unauona mwenyewe. Anko akamulika tochi, akageuza, akamulika tena, akalipa. Shingapi sisemi maana anti mpaka leo hajui.

Kesho yake tukampelekea dada mmoja mwenye vifaa atupimie. Akachukua kimrija kinaitwa daikroskopu, akachungulia, akanipa na mimi: ndani kuna vidirisha viwili, kimoja kijani cha bluubluu, kingine kijani kinachokwenda kwenye njano. Savoraiti iko kwenye kundi la madini linaloitwa ganeti, akasema, na ganeti hata uigeuze vipi vidirisha vyote rangi moja. Akapima uzito jiwe likiwa kavu halafu likiwa ndani ya maji, akapiga hesabu jiwe ni zito mara ngapi kuliko maji ya ujazo uleule, ikagota 3.35, wakati savoraiti iko kwenye 3.6 hivi.

"Hii zoisaiti, mzee."

Anko badala ya kulia akachangamka, ahaa kwa hiyo ni tanzanaiti ya kijani! Dada akacheka, akasema kwenye orodha ya madini hakuna kitu kinaitwa tanzanaiti, hilo jina la biashara, duka la vito la Marekani, Tiffany & Co. ndo walilitoa 1968, madini yenyewe ni zoisaiti, jina la tangu 1805, la kumuenzi Sigmund Zois, tajiri mmoja wa Ljubljana.

"1805? Mererani huyo Zois alifika lini?"

Anko alikasirika kweli, njia nzima anamsema Zois kama vile ndiye aliyemuuzia lile jiwe.

Sasa 2016 nikasoma kwamba Mererani nayo imepata madini yenye jina lake, merelaniaiti, kemia yake na mpangilio wa atomu vimechunguzwa mpaka tume ya kimataifa ya majina ya madini ikaipitisha. Nikampigia anko mbio mbio.

"Inauzwaje?"

Nikamwambia haichongwi hiyo, ni vinywele vya kijivu, milimita chache tu, vinakutwa kwenye miamba hiyohiyo ya tanzanaiti.

Akanyamaza kidogo. "We, hivyo si ndo tulikuwa tunavitoa kwa mswaki?"