Worker na employee si kitu kimoja

Waswahili wenzangu mlioko Uingereza, na ninyi mnaojiandaa kuja, naomba jambo hili mlielewe mapema. Shuleni tulifundishwa kwamba worker na employee wote ni wafanyakazi, basi. Hata Waingereza wenyewe wakiongea huyachanganya. Kwenye sheria hayachanganyiki.

Sheria ya Haki za Ajira ya mwaka 1996 inayatenganisha. Worker ana haki ya kulipwa angalau kima cha chini, kupumzika katikati ya zamu, na kupata likizo ya malipo ya wiki 5.6 kwa mwaka. Employee anapata hayo yote, tena analindwa asifukuzwe kwa uonevu, na akipunguzwa kazini baada ya kutimiza miaka 2 analipwa fidia. Halafu yupo self-employed, yaani aliyejiajiri, ambaye hata hiyo likizo ya malipo hana.

Hapa ndipo wengi wetu tunapoumia, hasa madereva, wapeleka vyakula na wanaopata kazi kupitia mawakala. Unapewa mkataba wa kurasa nyingi, macho yanakimbilia malipo ya saa, unatia saini. Tafadhali soma kwanza umeitwa nani humo ndani.

Na ukikuta umeandikwa self-employed, usikate tamaa. Tarehe 19 Februari 2021 Mahakama ya Juu iliamua kwamba madereva wa Uber waliofungua kesi ni workers, ingawa kampuni ilisema wamejiajiri. Majaji walitazama kazi inavyokwenda: nani anapanga nauli, nani anaweka masharti, dereva akikataa abiria mara kwa mara anafanywa nini. Kwangu mimi, hukumu ile iliwapa heshima watu wa jasho.

Kwenye nyumba nako kuna mtego wa aina hiyo. Lodger na tenant, sisi wote tunawaita wapangaji. Lodger anakaa nyumbani kwa mwenye nyumba, wanatumia jiko au bafu moja, na kwa kawaida anaweza kutolewa kwa notisi tu, bila amri ya mahakama. Tenant, yaani aliyekodi makao yake bila kuishi na mwenye nyumba, akikataa kutoka, mwenye nyumba hana budi kwenda mahakamani.

Kwa hiyo ukienda kuomba ushauri, na shirika la Citizens Advice linautoa bure, beba mkataba wako na ueleze pia hali halisi: mwenye nyumba analala wapi, jiko ni la nani, na chumba chako anaingia nani bila kubisha hodi.