Karafuu zetu na chembe nano za fedha
Jamani leo maabara nimeona kitu, tumechemsha karafuu zile zile zinazoanikwa majamvini hapa Pemba, tukachuja, maji yake tukayatia kidogo kidogo kwenye nitreti ya fedha (chumvi ya madini ya fedha, silver, iliyoyeyushwa majini), mara rangi ikageuka manjano halafu hudhurungi kama chai ya rangi! Hiyo ndo dalili chembe nano za fedha zishatokea, chini ya nanomita 100 (nanomita moja ni milimita ukiigawa mara milioni), darubini ya kawaida haizioni. Yujenoli (eugenol, kemikali inayoipa karafuu harufu yake) na wenzake waliomo kwenye karafuu wanazipa ayoni za fedha (atomi za fedha zilizopungukiwa elektroni) elektroni na wanazizuia chembe zisigandane, basi hizo kemikali kali za kiwandani huzihitaji. Bakteria na kuvu nao wanaweza kutengeneza chembe hizi, ila taratibu mno na kuwalea ni shughuli, mie nabaki na mimea. Wiki ijayo mwarobaini inshallah, anaetaka kuja kuona aniambie.