Mambo ya kikubwa kwenye gemu za mezani, sisi Mbeya tulivyoyapanga

Mtu akisikia gemu ina mambo ya kikubwa anawaza ngono na damu basi. Mimi nasimamia gemu ya kuigiza ya mezani, ile ya madadu na karatasi za wahusika, mimi nasimulia hadithi na kila mchezaji anaigiza mhusika wake, tunacheza Dungeons & Dragons kwa Kiswahili sebuleni kwa mwenzetu pale Mwanjelwa, na nimeona kabisa ukifuata mipaka ya vitabu vya gemu peke yake utaumiza watu.

Hii gemu imetoka Marekani 1974 na humo kuua ndo kazi ya kila siku, goblini, vile vijitu viovu vya hadithini, anakatwa kichwa hakuna anaeshtuka. 2002 kikatoka kitabu chake kinaitwa Book of Vile Darkness, hicho wakakiandika kabisa ni cha watu wazima, humo kuna mateso na kafara za watu. Sasa kwa msomaji wa kule, mchawi anaekusanya viungo ni hadithi ya kutisha tu. Kwa mtu wa Mbeya je? Huku tumeishi na habari za watu kuchunwa ngozi, na nchi hii wenzetu wenye ualbino wamekatwa mikono watu wapate dawa ya utajiri. Unaweza ukawa umekaa meza moja na mtu ambae hayo yalipita kwao.

Kwahiyo kabla ya kampeni mpya, yani hadithi ndefu tunayoicheza siku nyingi, niligawa vikaratasi, kila mtu aandike bila jina kitu gani hataki kabisa kiwepo, na kipi kiwepo ila kisielezwe kwa undani. Njia hiyo aliiandika mtunzi wa gemu Ron Edwards 2003, mistari na mapazia, mstari hauvukwi, pazia unalishusha tu hadithi inaendelea.

Damu hakuna alieiandika! Kimoja "mtoto kufa". Kingine "mganga anaetaka viungo, hata kama ni adui". Kingine "msiba usifanyiwe utani". Yule mchawi nikambadilisha, akawa anaiba mvua ya kijiji, mahindi yanakauka yakiwa yanatoa mbelewele, na wachezaji walimchukia kuliko mchawi yeyote wa kitabuni.

Ila la msiba ndo lilinigusa zaidi. Kwenye hizi gemu mhusika wa mwenzenu akifa kawaida mnampekua mnagawana vitu mnasonga mbele. Siku hiyo mpiganaji wetu yuko chini anapigania roho, alishashindwa mara moja, dadu ikaangukia 1, kwa sheria hiyo ni kushindwa mara mbili kwa mpigo, zikatimia tatu, kafa. Mmoja akauliza, "Kaka, lile panga lake tunalichukua?" Dada mmoja akamjibu taratibu, "Mdogo wangu, tumzike kwanza." Tukamzika kweli, nikauliza nani anachimba, nani anapeleka taarifa kwa mama yake, ikachukua sehemu kubwa ya jioni na hakuna alielalamika.

Katikati ya meza tunaweka pia kadi ya X, wazo la John Stavropoulos, ukiigusa tunaruka hilo jambo, huulizwi kwanini. Kwetu inasaidia sana maana mdogo hawezi kumkatiza mkubwa kirahisi, kadi inamsemea.

Mapenzi huwa tunashusha pazia. Ila akija mdogo wa mmoja wetu anaesoma sekondari, mapazia yote siku hiyo yanageuka mistari, wakubwa wanaotaka yao wanapanga usiku mwingine.